Uyoga Uangazao Usiku, na Picha Iliyomhuzunisha Bibi



Picha iliingia katika kundi la simu la ukoo wetu siku ya Ijumaa baada ya Alasiri, saa ambayo jamaa hutumiana dua, salamu za Ijumaa na kila kitu kingine. Ilionyesha msitu mweusi, na chini ya mti mmoja mkubwa uyoga uliosimama kama miavuli, wa samawati na zambarau, ukiwaka hata magome ya miti yakaonekana. Chini yake paliandikwa kwa herufi kubwa kwamba uyoga huo huota katika msitu mmoja tu duniani, mara moja kwa miaka mia, na kwamba atakayeituma picha kwa watu kumi atapata habari njema kabla ya Magharibi.

Bibi yao watoto aliitazama kwa muda mrefu. Akasema "Subhanallah" mara tatu, akaita majirani wawili waliokuwa barazani, na Jumatatu iliyofuata akaenda nayo kwenye darsa la akina mama, ikapita mkono kwa mkono kabla ya mwalimu kuwasili. Aliporudi, uso wake ulikuwa na furaha ambayo hatukuwa tumeiona tangu arudi kutoka matibabuni.

Binti yetu, aliye kidato cha tatu, ndiye aliyeivunja furaha hiyo. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akatuonyesha mashina mawili ya uyoga yaliyoungana juu na kuachana chini, kivuli kilichoelekea upande wa nuru badala ya kuikimbia, na jani lililoning'inia pasipo kikonyo. "Bibi," akasema, "hii imechorwa na kompyuta. Hakuna kitu kama hiki." Alisema mbele ya wageni. Bibi hakujibu. Aliigeuza simu kifudifudi juu ya mkeka, akaomba maji ya kunywa. Wiki nzima hakulifungua lile kundi, na Jumatatu iliyofuata hakwenda darsani; alisema mguu wamuuma.

Tulimkanya binti kwa namna aliyosema, si kwa alilosema. Maana Sura ya Al-Hujurat inatuamrisha tuihakikishe habari kabla ya kuifuata, wala haikuitoa katika amri hiyo habari tamu, wala iliyotiwa "Subhanallah" mwanzoni. Na aliyeituma picha? Hakuna aliyemwambia neno. Aliendelea kutuma nyingine.

Siku chache baadaye, tukiwa tunakuna nazi, Bibi akauliza kwa sauti ndogo: "Kwani hakuna kabisa? Hakuna uyoga uwakao?" Usiku ule hatukuwa na jawabu. Makala haya yametokana na swali hilo.

Uyoga huo upo. Wataalamu wamekwisha kutambua zaidi ya aina 100 za kuvu zitoazo nuru zenyewe, kati ya zaidi ya laki moja ambazo zimepewa majina. Huota juu ya magogo yaliyooza, matawi yaliyoanguka na majani yaliyolowa, katika misitu yenye joto na mvua, na baadhi yake hata katika nchi za baridi. Ila nuru yao ni ya kijani, kijani hafifu chenye weupe ndani yake. Hakuna hata aina moja inayojulikana kutoa nuru ya zambarau au nyekundu. Basi, msomaji, ukiletewa picha ya uyoga uwakao rangi za taa za arusi, hilo pekee latosha kukusimamisha: ama umemulikwa kwa taa maalumu, ama rangi zimebadilishwa, ama haukuwahi kuwapo.

Kisa tunachokipenda kuliko vyote katika habari hizi ni cha Brazili. Mwezi wa Desemba 1839, mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti aitwaye George Gardner alikuwa akitembea usiku wa giza katika njia za mji mdogo wa Natividade, ndani kabisa ya nchi ile. Akaona watoto wa kiume wakichezea kitu kilichong'aa. Mwanzo alidhani ni kimulimuli mkubwa. Alipokaribia, alikuta ni uyoga. Watu wa pale waliuita kwa Kireno, lugha ile ile iliyotuachia sisi meza na leso, "flor de coco", yaani ua la mnazi, kwa kuwa huota chini ya minazi mifupi ya porini, juu ya makuti yaozayo. Gardner aliupeleka Uingereza, nao ukapewa jina la kitaalamu lenye jina lake ndani.

Kisha ukasahauliwa na vitabu, ingawa haukusahauliwa na watu waliokaa nao. Zaidi ya miaka 160 ilipita. Mwaka 2005 watafiti wawili wa kike, Patricia Izar wa Chuo Kikuu cha São Paulo na Dorothy Fragaszy wa Chuo Kikuu cha Georgia, walikuwa katika jimbo la Piauí wakichunguza nyani wadogo, wala si uyoga. Wao ndio waliomtaarifu mwenzao, mwanakemia Cassius Stevani, kuhusu uyoga wa nuru uliopo huko. Stevani na wenzake, akiwamo mtaalamu wa uyoga Dennis Desjardin kutoka California, walikwenda kuutafuta katika usiku usio na mwezi, gizani kabisa, wakijikwaa kwenye miti na kuchelea nyoka na chui wa kule. Mwaka 2011 walitangaza kwamba huu ndio ule wa Gardner, wakaupa jina la Neonothopanus gardneri. Ni miongoni mwa uyoga wenye nuru kali kuliko yote ijulikanayo. Na kwa karne yote ile na zaidi, mtoto yeyote wa vijiji vile angaliweza kumwonyesha mtaalamu mahali ulipo, laiti angaliulizwa.

Tulipomsomea Bibi habari hii, aliinua kichwa kwenye neno moja tu. "Mnazi?" akauliza. "Uyoga wa mnazi?" Akarudia mara ya pili, polepole, kama mtu aliyetajiwa jina la jamaa aliyekuwa hamjui.

Nuru yenyewe haina moto ndani yake. Ukiushika uyoga huo hauna joto. Ndani ya kuvu mna kitu ambacho wanakemia wa kisasa wamekitambua na kukieleza. Kikikutana na hewa ya oksijeni kwa msaada wa kimeng'enya chake, hubadilika, na katika kubadilika huko hutoa nuru badala ya joto. Kwamba hewa inahitajika, hilo limejulikana tangu karne ya 17. Mwanasayansi Robert Boyle aliweka kipande cha mti uliooza, ung'aao kwa kuvu, ndani ya chombo cha kioo, akaivuta hewa kwa pampu. Nuru ikafifia ikatoweka. Akairudisha hewa, nuru ikarudi. Hivi karibuni wanasayansi wamekwenda mbali zaidi: wamezichukua jeni za kuvu hizi wakazitia katika mimea, na mwaka 2020 wakatangaza mitumbaku ing'aayo yenyewe usiku. Kama hilo ni jambo la kufurahia au la, kila nyumba na iamue; sisi tuliona uyoga wa porini unatosha.

Kwa nini Mola ameupa uyoga taa? Wataalamu hawakubaliani, nasi tunapenda namna wanavyokosa kukubaliana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya lile ua la mnazi la Brazili ulionyesha kwamba nuru yake hufuata saa: hupanda usiku na hupungua mchana. Watafiti wakatengeneza uyoga wa bandia, wakatia taa ndogo za kijani ndani ya baadhi yake, wakaupaka gundi, wakauacha msituni. Uliokuwa na taa ulinasa wadudu wengi zaidi usiku kuliko uliokuwa gizani. Wakasema: basi nuru huita wadudu, nao hubeba mbegu za uyoga kwenda mahali ambapo upepo haufiki. Lakini mwaka uliofuata watafiti wa Australia walifanya jaribio la namna hiyo kwa uyoga mwingine wa nuru, ule uitwao kule uyoga wa mzimu, na hawakuona wadudu wakivutwa na nuru yake. Tena zipo aina nyingi ambazo hung'aa usiku na mchana bila kubadilika, nuru ya mchana ikipotea bure kwenye jua. Huenda kwa baadhi ya kuvu nuru ni wito, na kwa nyingine ni cheche tu zinazotoka pembeni ya kazi nyingine, kama vumbi la mbao kwenye karakana ya seremala.

Sasa tuje kwenye kamera, maana ndiko swali la Bibi lilikotupeleka mwishowe.

Watu wanaokwenda kupiga picha za uyoga huu huanza kwa kuitazama kalenda. Hutaka siku za mvua, au mara baada yake, na usiku usio na mwezi. Hapa Waislamu tuna wepesi ambao wengine hawana: kalenda yetu yenyewe ni mwezi. Tarehe 27 ya mwezi wa Kiislamu hadi mwezi mwandamo ndizo siku za giza, na hata mtoto wa madrasa anaweza kuzihesabu. Huko India, katika milima ya Sahyadri iliyo juu ya pwani ya Konkan, walikotoka wazee wa baadhi ya majirani zetu wa Mombasa, misitu ya Bhimashankar hung'aa katika miezi ya masika yao, kuanzia Juni, na wapiga picha hungoja mvua zilowanishe matawi yaliyoanguka. Nchini Australia, karibu na Mount Gambier, iko njia katika msitu wa misonobari ambayo hufunguliwa kwa watu wakati wa msimu wa uyoga wa mzimu, Mei na Juni. Familia huenda na watoto wao usiku, wakifuata njia iliyowekwa alama. Tulisimama kidogo kwenye habari hiyo. Nchi nzima imejaa taa, na watu wanapanga mstari ili waonyeshwe giza.

Mtafutaji hufika mahali kabla ya jua kuchwa, ayaone magogo na mashimo, ajue atakapoweka mguu. Giza likiingia huzima taa zote, na hapo ndipo wengi hushindwa, kwani hakuna linaloonekana. Jicho lataka dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na ukiiwasha simu mara moja tu kutazama saa, umeyaharibu yote na huna budi kuanza upya. Anayehitaji kuona njia hutumia taa nyekundu hafifu, kwa kuwa wekundu haulisumbui sana jicho lililozoea giza. Wazoefu wana siri nyingine: wakidhani wameona kitu, hawakikodolei macho. Hukitazama kwa pembeni. Katikati ya jicho, pale tunapopatumia kusomea, hapana zile seli zionazo katika giza, ziko pembezoni. Kwa hiyo nuru hafifu ukiitazama sawasawa hupotea, na ukiyageuza macho kidogo hurudi.

Uyoga ukishapatikana, kamera huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu, chini kabisa karibu na udongo. Humulikwa kwa kurunzi kidogo ili lenzi ilengwe sawasawa, kisha ulengaji hufungwa kwa mkono usibadilike, na kurunzi huzimwa. Tundu la lenzi hufunguliwa lote. Kilango cha kamera huachwa wazi sekunde 30, dakika mbili, hata dakika kumi au zaidi kwa uyoga ulio hafifu. Hata kidole hakigusi kitufe. Kamera huachiwa ijipige yenyewe baada ya sekunde kadhaa, kwani mguso tu wa kidole huitikisa. Upepo mdogo ukipita, shina likayumba, picha imeharibika na dakika zako kumi zimekwenda. Kimulimuli akikatiza mbele ya lenzi huacha mstari wa dhahabu. Na mpiga picha amekaa pembeni katika giza, hana la kufanya ila kungoja, akisikiliza msitu. Mtu wa dhikri atajua la kufanya na dakika hizo.

(Kwa wale wanaotuuliza kila mara kuhusu hukumu ya picha: hitilafu ya wanazuoni ni katika sura za viumbe wenye roho. Miti na mimea haimo katika ugomvi huo, na uyoga unafuata mkondo huo.)

Sasa, picha inayopatikana baada ya dakika kumi ni ya kijani kilichokolea, yenye nuru kiasi cha kuona kila mkunjo chini ya kofia ya uyoga. Lakini aliyekuwa pale hakuuona hivyo. Katika giza la namna hiyo jicho la mwanadamu haligawi rangi vizuri. Uyoga mwingi wa nuru humwonekania mtu kama weupe wa kijivu, mfano wa kitambaa kilichosahauliwa kwenye kamba usiku. Kamera imeikusanya nuru ya dakika kumi ikaiweka kwenye karatasi moja. Je, basi, picha hiyo nayo si ya uongo?

Swali hili lilitugawa nyumbani. Baba yao watoto alisema ni uongo wa heshima. Binti alisema hapana: kila chembe ya nuru iliyomo kwenye picha ilitoka kwenye uyoga, hakuna iliyoongezwa, na jicho ndilo lisiloweza kungoja. Sisi tuliegemea upande wa binti, lakini kwa sharti ambalo wapiga picha waaminifu wenyewe hulitimiza: waandike kando ya picha kwamba ilichukua muda gani, na kama walimulika miti kwa taa, au waliunganisha picha mbili, moja ya msitu na nyingine ya nuru. Mwenye kuuza maziwa akitia maji, kosa si maji. Kosa ni kunyamaza. Ile picha ya Ijumaa haikuwa imengojewa na mtu yeyote mahali popote. Hapakuwa na gogo, hapakuwa na mvua, na hakuna aliyelowa miguu.

Kabla hatujaendelea, yapo mambo ambayo hatuwezi kuyanyamazia, maana gazeti hili husomwa na mama wenye watoto wadogo. Uyoga kung'aa si dalili ya kufaa kuliwa. Uyoga wa nuru uotao kwenye mizeituni katika nchi za bahari ya Mediteranea una sumu itapishayo vibaya, na huko Japani uyoga wa nuru uitwao tsukiyotake umewalaza wengi hospitalini kwa kufanana mchana na ule wa kuliwa. Kuvu kwa asili si haramu, na kama', ile kuvu ya jangwani, ilitajwa kwa kheri na Mtume (S.A.W.) katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Lakini uyoga usioujua haulambwi wala haupikwi, na mtoto afundishwe kuutazama akiwa na mikono nyuma. Tena, asiende mtu Arabuko-Sokoke usiku kwa kuwa tu amesoma makala haya: mna ndovu, na haingii mtu saa hizo pasipo ruhusa na walinzi. Kaya za Wamijikenda zina wazee wake, na haziingiwi pasipo wao, usiku wala mchana. Na mwanamke asiende peke yake popote gizani kwa ajili ya picha. Uyoga hauna thamani hiyo.

Kwa hayo yote, ilikuwa wazi kwamba hatutampeleka Bibi Brazili, wala Bhimashankar. Ndipo mjomba wao watoto, aishiye Kilifi, alipotukumbusha jambo ambalo tulikuwa tukilijua na kulisahau. "Mnatafuta nuru hadi Amerika," akasema, "na hori la Kilifi liko pale pale."

Nuru ya hori la Kilifi si ya uyoga. Ni ya viumbe vidogo mno wa majini, visivyoonekana kwa jicho, ambavyo hutoa mmweko wa samawati vikitikiswa. Lakini njia ya kuiona ni ile ile: giza, mwisho wa mwezi, subira. Tulikwenda tarehe 28, baada ya kuswali Isha, watoto wadogo wakiwa wamebaki nyumbani na shangazi yao. Bibi alivaa buibui lake na viatu vya mpira vya binti. Mjomba alitupandisha kwenye boti ya rafiki yake, akaizima injini mbali kidogo na pwani, mahali ambapo taa za daraja zilikuwa zimefichwa na kichwa cha nchi.

Tukakaa. Hapakuwa na kitu. Maji yalikuwa meusi kama wino wa mapweza. Binti alikuwa amefunga simu yake kwenye stendi, na stendi ameibana kwa magoti. Dakika kumi zikapita, kumi na tano. Baba yao watoto akaanza kukohoa kikohozi cha mtu anayetaka kurudi. Kisha Bibi, pasipo kusema neno, akakunja mkono wa buibui, akautia mkono majini, akaupeleka huku na huku.

Vidole vyake vitano viliwaka. Kila kimoja kilivuta mkia wa nuru nyuma yake, na alipouinua mkono, matone yaliyoanguka yaliwaka yalipopiga maji. Binti alipiga ukelele mdogo.

"Baba yangu akivua usiku," Bibi akasema, "alikuwa akinichukua. Tulikuwa tukiona samaki wakipita chini ya mtumbwi, kila mmoja na njia yake. Sikumbuki tangu lini sikuona."

Tulikaa naye miaka yote hiyo, na habari hiyo hatukuwahi kuisikia. Wala yeye, alipoishika simu akiitazama ile miavuli ya zambarau, hakuitaja. Binti akamwuliza kwa nini. "Hukuniuliza," akasema. "Uliniambia tu kwamba hakuna kitu kama hiki."

Binti akanyamaza. Kisha akauchukua mkono wa Bibi, uliokuwa bado unadondoka maji, akaubusu.

Kuhusu picha, tunalazimika kusema kweli, kwa kuwa ndiyo shabaha ya makala. Boti huyumba, na kamera iliyoachwa wazi juu ya kitu kinachoyumba haioni ila ukungu. Binti alipiga picha 40 hivi. Nyingi zilikuwa nyeusi tupu. Chache zilikuwa na mistari kama mikwaruzo. Moja tu, ya sekunde kumi, iliyopigwa baada ya kurudi ufukweni na stendi kusimamishwa juu ya mwamba, ilionyesha kitu: mkono wa Bibi umetoka kwenye weusi, umefifia, na chini yake wingu la samawati lisilo na umbo. Ukitaka kuitazama vizuri, zima taa ya chumba.

Ijumaa iliyofuata baada ya Alasiri, Bibi alilifungua tena kundi la ukoo. Alimwamuru binti aitume ile picha, kisha akamsomea maneno ya kuandika chini yake, naye akayaandika neno kwa neno: kwamba hii ni Kilifi, tarehe 28 ya mwezi, saa nne za usiku, kwamba kamera iliachwa wazi sekunde kumi, kwamba mkono ni wake yeye, na kwamba asitumiwe mtu kwa sababu ya kupata habari njema. Jumatatu alikwenda darsani, na mguu hakuutaja.

Jibu la kwanza kundini lilitoka kwa yule yule aliyeituma ile miavuli. Aliandika: "Masha'Allah. Lakini mbona haing'ai vizuri?"

Bibi akaomba asomewe mara mbili. Kisha akabonyeza mahali pa kurekodi sauti, akasafisha koo, akaanza kumweleza tangu mwanzo, kwenye mtumbwi wa baba yake.